Makopo Kumi na Maksai Mmoja

"Magunia arobaini!" Kwacha alisimama ili asome vizuri, kisha akaizungusha simu benchi zima lione picha. "Mkulima wa Chitete, ekari moja, magunia arobaini ya mahindi! Kanyunyiza ile dawa ya kukuzia, Nguvu Mia, mara mbili tu. Na nyie mmekaa mnakunywa kahawa."

"Unatupiga kamba," alisema Zizi.

"Kamba ina picha? Mtu huyu hapa, gunia hizi hapa!"

"Hata mimi nikisimama mbele ya benki unipige picha, nitaonekana tajiri."

Benchi tunalokalia ni la Restuta, muuza kahawa wa hapa Mpemba, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Kwacha ni Enoka, anayebadilisha fedha na kuchanganya Kibemba hata akiwa hana mteja. Zizi ni Ngolo, mfugaji wa bondeni Momba, na kwake kila kitu hupimwa kwa ng'ombe. Siku hiyo alikuwepo pia Fanueli, kaka yake Restuta, mkulima wa Msangano. Alikuja na maksai wake, Kanali, akamfunga kwenye nguzo ya bango.

Kanali hakuja kunywa kahawa. Mwenye bucha alikuwa anasubiri simu tu aje amchukue, na kwa fedha hizo Fanueli anunue Nguvu Mia ya shamba zima.

"Plau utaivuta na nani?" Restuta alimuuliza.

"Na Meja, mwenzake."

"Meja peke yake? Si bora ujifunge wewe upande wa pili!"

Kilichomzuia Fanueli asipige simu ni makopo kumi ya rangi yaliyopangwa kivulini mbele ya benchi. Wiki tatu nyuma, Atuganile, binti wa Restuta aliye kidato cha tatu, alimwomba mjomba wake asubiri apime kwanza. Alitia udongo wa shimo moja na mbegu ya mfuko mmoja. Makopo matano yenye mstari mwekundu yalipata maji na dawa kutoka chupa ndogo ya Nguvu Mia. Matano yasiyo na mstari yalipata maji matupu. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kupima.

"Mimi jambo hili halijanipendeza tangu mwanzo," alisema Zizi. "Watano wanakula, watano wanatazama. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa."

"Ni mahindi, Zizi," alisema Restuta.

"Mahindi hayana macho? Kwetu ndama hanyimwi maziwa ili tuone atakondaje!"

Atuganile alifika na rula, akaamkia wote, akachuchumaa. Alipima, akaandika, akarudia kupima. Kisha akakuna kichwa kwa kalamu.

"Mjomba, yenye dawa yana wastani wa sentimita thelathini na moja. Yasiyo na dawa, thelathini na saba."

Kwacha aliketi. "Awe! Haiwezekani, bane, jamani. Maji yameishinda dawa?"

"Dawa inadumaza!" Zizi alipiga paja. "Nilisema!"

"Hukusema chochote, wewe ulikuwa unalilia ndama," alisema Kwacha.

Fanueli alimtazama Kanali, akatazama simu. "Kwa hiyo dawa ni mbaya?"

"Bado sijui, mjomba." Atuganile alikuwa ameinamia kopo la saba, mojawapo ya yasiyo na mstari. Akachimbua kwa ncha ya kalamu. "Samadi hii imetoka wapi?"

Zizi alianza kutazama malori.

"Shikamoo baba Ngolo," binti alimwamkia tena.

"Marahaba, mwanangu. Nilitia kiganja kimoja. Mche ulikuwa mnyonge mno. Mtoto wa watu analala njaa mbele ya wenzake, mimi nina ng'ombe hamsini, ningejibu nini?"

Binti akahamia kopo la nane. "Na hizi punje nyeupe?"

"Urea kidogo tu," alisema Kwacha. "Nilipewa na mteja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Ningeitupa?"

"La tisa lina mashapo ya kahawa. Mama!"

"Nilikuwa nasuuza birika," alisema Restuta. "Nikaona tusimwage neema."

"Na la sita nililiacha kivulini na wenzake. Nani kalisogeza juani?"

Hapo walinitazama mimi. Nilieleza kwamba lilikuwa linanizuia kunyoosha miguu, jambo ambalo halina uhusiano wowote na huruma. Maelezo hayo hayakupokelewa vizuri.

Atuganile alifunga daftari. "Wazee wangu, hayo matano ndiyo ya kulinganishia. Kazi yake ni kukosa. Kinachotofautiana kiwe dawa peke yake. Udongo, maji, jua, vyote vibaki sawa. Nyie mmebadilisha vitu vinne. Sasa sijui dawa imeshindwa au samadi imeshinda."

"Samadi imeshinda," alisema Zizi.

"Mia fil mia, dawa inafanya kazi," alisema Kwacha. "Makopo mmeyaharibu, lakini Chitete hamjaharibu. Arobaini!"

"Shamba lenyewe liko wapi, baba?" aliuliza Atuganile.

Kwacha alisogeza maandishi kwa kidole. "Karibu na lambo la zamani."

Zizi aliweka kikombe chini. "Kulia kwa lambo au kushoto?"

"Kushoto. Kuna mkuyu."

"Hilo lilikuwa zizi letu! Miaka sita ng'ombe mia wa ukoo wetu wamelala pale! Panda msumari pale, utavuna nondo!"

Benchi zima lilicheka, isipokuwa Kwacha, ambaye aliirudia ile picha kana kwamba ng'ombe wangeonekana nyuma ya magunia.

"Kwa hiyo hata Chitete hatujui ni dawa au ni zizi," alisema Atuganile. "Mjomba, chupa ina dawa iliyobaki. Tunyunyize mistari mitatu pale shambani, mingine mitatu katikati yake tuiache, tungoje mavuno. Na mtu asiionee huruma."

Simu ya Fanueli ikaita. Alikuwa mwenye bucha, na sauti yake ilisikika mpaka kwa madereva: amechoka kusubiri, yuko njiani na kamba yake.

Fanueli alimtazama Kanali, ambaye alikuwa anatafuna kona ya bango.

"Rudi tu, ndugu yangu," alisema. "Huyu maksai yumo kwenye kundi la kulinganishia. Haguswi mpaka mavuno."