Mahindi ya Onesmo, Maharage Yangu

Jumatatu, 28 Oktoba

Mwezi wa tano unakatika tangu nitoke nyumbani. Mgongo unauma. Jana kokoto, leo kokoto. Watu wa hapa Buhare hunicheka nikisema niko ugenini. Wanasema Butiama si ndiyo hapo tu, asubuhi moja ya gari! Ni kweli, kwa mwenye gari. Kwa kibarua anayelala saiti ya ujenzi, asiyetoka getini mpaka apewe ruhusa, Butiama iko mbali kuliko Marekani.

Habari kubwa: mwenyekiti wetu wa vibarua amepata kazi Nyakato. Kaondoka na godoro lake kichwani. Kiti kiko wazi! Nyapara wetu, Danford, anaruhusu mtu mmoja tu kwenda nyumbani kila Jumamosi, na anayepanga ni nani aende ni mwenyekiti. Tena siku za samaki mwenyekiti ndiye anayekula kichwa cha sangara. Mimi sifuati kichwa. (Nafuata kidogo.) Ninachofuata ni Jumapili ya tarehe kumi. Binti yangu Happyness anapata kipaimara. Komunyo yake ya kwanza sikuwepo, nilikuwa nachimba mitaro Bunda. Juzi kanipigia simu akaniuliza: baba, na hii nayo utaiona kwenye picha? Nikamwapia nitakuwepo.

Kwa hiyo lazima nishinde. Mpinzani ni Onesmo wa Guta. Anaimbaga akibeba saruji. Nani anaimba na mfuko wa saruji begani? Vijana wote wanampenda. Benedikta, mke wangu, anasema kwa nini nisimwombe tu huyo Onesmo anipe hiyo Jumamosi. Kumwomba Onesmo! Wanawake hawajui siasa.

Uchaguzi ni Jumanne ya wiki ijayo.

Jumatano, 30 Oktoba

Mungu ameniletea mwalimu. Ni Mayala, mtunza stoo. Ana redio, tena inasikika. Kumbe Jumanne hiyohiyo Wamarekani nao wanapiga kura! Mayala anafuatilia kila siku, na kila siku anakasirika. Leo wakati wa chai katueleza kwamba kule, kwenye baadhi ya majimbo, wakubwa hawaibi kura. Wanahakikisha tu fulani asifike kwenye kura. Wanadai kitambulisho cha picha cha aina fulani, ambacho wanajua watu fulani hawana. Mayala akasema ni aibu kwa nchi kubwa kama ile. Akapiga meza, chai ikamwagika.

Mimi sikuona aibu. Niliona njia.

Vijana wa Onesmo wengi wametoka kwenye mialo ya Guta. Watu wanaovua dagaa tangu utotoni, kitambulisho watakitoa wapi? Jioni nikasimama kwenye kikao nikasema uchaguzi wetu uwe wa heshima, kila mpiga kura aje na kitambulisho cha taifa. Danford akasema wazo zuri. Nikakaa chini nikijisifu kimoyomoyo.

Wote wakatoa. Wote! Walivichukua zamani, waliposajili laini za simu. Chacha, kibarua wa Tarime mwenye mikono kama makasia, akakitoa cha kwake ndani ya soksi. Kisha wakanigeukia mimi. Changu kiko Butiama, kwenye sanduku la Benedikta, chini ya vitenge.

Chacha akasema, mura (kijana, kwa Kikurya), sheria ni yako, kaa pembeni. Watu wakacheka mpaka wengine wakalala chini. Aliyeniokoa ni Onesmo. Alisimama akanionyesha kidole, akasema Wanzagi huyu tunamjua wote, kitambulisho chake ni ule mdomo. Wakafuta sharti langu.

Ananidharau. Ndiyo maana ananisaidia.

Ijumaa, 1 Novemba

Mayala leo katoa somo la pili. Anasema kule wanachora mipaka ya maeneo ya uchaguzi inavyowafaa wenyewe. Mpaka unapinda huku, unarudi kule, unaruka nyumba ya mtu, mwisho eneo zima linafanana na utumbo wa mbuzi. Wenye watu wengi wanaweza kushindwa, na wenye watu wachache wakaondoka na viti. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Nikamwomba arudie pole pole, hasa pale pa utumbo.

Mchana sikula. Nilishika kipande cha nondo nikachora saiti nzima mchangani. Nikaigawa mara tatu: Zege, Tofali na Maji. Kila upande utoe kura moja. Vijana wa Onesmo nikawasukumia wote kwenye Zege. Mzee Baltazari na Amos, ambao ni watu wangu, nikampa mmoja Tofali, mwingine Maji. Ilibidi mpaka uzunguke choo mara mbili na upite chini ya kitanda cha Amos. Lakini ulikaa! Mbili kwangu, moja kwake. Nilisimama nikautazama kama mtu anayetazama ng'ombe wake.

Nikaenda kumwita Danford aje aone. Niliporudi naye, lori lilikuwa limemwaga mchanga juu ya Zege, Tofali na Maji.

Danford akaniuliza nimemwitia nini. Nikamwambia nilitaka aone mchanga umefika. Akanikabidhi beleshi.

Jumapili, 3 Novemba

Nusu siku ya kazi. Kikao cha mwisho. Wengi wa hapa wamechoka na karatasi, kwa hiyo tutapiga kura kwa punje, kama kwenye vikundi vya kuweka akiba huko vijijini. Kila mtu atapewa hindi moja na haragwe moja. Hindi ni Onesmo, haragwe ni mimi. Unatumbukiza moja kwenye kopo la rangi lenye kifuniko kilichotobolewa, nyingine unairudisha kwa Mama Jeska, mpishi wetu. Chakula hakichezewi.

Nikajitolea kupanga mahali na utaratibu. Hakuna aliyepinga, maana ni kazi ya bure.

Nina siri ya Mayala. Anasema kule kuna mitaa wamepunguza vituo, watu wanakaa foleni nusu siku, na kuna jimbo ambako sheria inakataza kumpa maji aliye kwenye foleni pale kituoni. Akasema neno ambalo wengine hawakulitilia maanani. Kwamba wizi wa kura kule wanautafuta kwa tochi na wanaupata kidogo sana, lakini foleni iko juani, kila mtu anaiona, na haiitwi wizi. Mimi nililitilia maanani sana.

Nimemwambia Happyness kwenye simu aanze kuhesabu nimefika. Akasema sawa baba, kwa sauti ya mama yake.

Jumanne, 5 Novemba

Siku yenyewe! Buhare na Marekani, siku moja!

Kopo nililiweka nyuma ya lundo la kokoto, mwisho wa kiwanja, pasipo hata kivuli cha kuku. Mtu mmoja mmoja. Nikaongeza sharti la kuchelewesha: kabla ya kutumbukiza, kila mmoja ataje jina lake, la baba, la babu, na ukoo. Nikapiga marufuku maji na uji kwenye foleni. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Vijana hawana subira. Jua likiwapiga wataondoka, watu wangu watabaki, maana wazee wamezoea shida.

Wa kwanza alikuwa Chacha. Akataja jina lake. La baba. La babu. Hakuishia hapo. Akapanda na ukoo mpaka kwa mzee aliyevuka mto Mara na fahali mmoja mweusi, na fahali naye akatajiwa mama yake. Vijana wakaanza kupiga makofi. Aliyefuata hakukubali kuzidiwa, akaleta babu aliyepigana na kiboko. Onesmo akaanzisha wimbo. Foleni yangu ya mateso ikageuka sherehe! Hakuna aliyeondoka.

Walioondoka ni wangu. Mzee Baltazari alisema kiu haina chama, akaenda bombani. Amos akamfuata kumrudisha. Baadaye nikawakuta wote wawili wamelala chini ya lori, wanakoroma kwa zamu.

Hapo nikamwona kwa mawazo Happyness amesimama kanisani na gauni jeupe, anageuka kutazama mlango. Nikasema potelea mbali, wanaume huvushwa na ujasiri.

Nikakimbilia jikoni. Nilitaka konzi moja tu ya maharage. Mama Jeska alikuwa ameenda kuchota maji. Debe la maharage makavu: tupu. Yote yalishaingia kwenye kande, yanatokota. Ningefanyaje? Nikachota kwa kijiko kikubwa, nikayachagua kwenye mahindi, nikayafunga kwenye kofia. Mkono uliungua. Nikarudi nikasema nakagua kopo. Nikayasukuma yote tunduni, moja moja, huku napuliza vidole.

Kuhesabu. Danford akafungua kopo mbele ya watu wote, akalimimina kwenye gunia.

Kura za Onesmo zilitoka zikilia, kavu, mahindi safi. Zangu zilitoka na mvuke.

Kura zangu zilishikana kama watu wa ukoo mmoja. Danford akasema vibarua ni ishirini na wawili, wawili wamelala chini ya lori, sasa mbona hapa kuna kura kama hamsini, na zaidi ya nusu zimeiva? Mama Jeska akafika na ndoo, akatazama gunia, akatazama kofia yangu iliyolowa. Akasema, baba Happyness, kama njaa ilikuzidi si ungesema?

Chacha akachukua kura moja akaitia mdomoni. Akatafuna. Akasema, mura, kura yako haina chumvi.

Zangu zote zikafutwa. Kumi na tisa za Onesmo zikabaki. Na jioni hii, nikivua suruali, nimekuta haragwe kavu mfukoni. Kura yangu ya halali. Nilisahau kuipiga.

Jumatano, 6 Novemba

Sikubali matokeo. Nimeibiwa.

Asubuhi nimekata rufaa kwa Danford. Nikamwambia uchaguzi ulikuwa na dosari kubwa. Akauliza zipi. Nikasema kura nyingi zilikuwa bandia. Akasema hilo analijua, ni zangu. Nikasema foleni ilikuwa mbali na ya jua kali, wazee wangu wakashindwa kupiga kura. Akasema na hilo analijua, niliipanga mimi. Akataka ushahidi mpya. Nikaomba kura zihesabiwe upya, zote. Akamwita Mama Jeska. Mama Jeska akasema zimeliwa jana, mahindi na maharage, na mimi mwenyewe niliomba kuongezewa.

Mayala alikuwa pale anasikiliza. Akasema kule Marekani nao wapo waliopeleka mahakamani kesi nyingi za kuibiwa, majaji wakataka ushahidi, kesi zikaanguka moja baada ya nyingine. Nikamwambia angalau wale ushahidi wao haukuliwa. Akanitazama sana. Akaniuliza, Wanzagi, muda wote ule nilipokuwa nalaani yale mambo, wewe ulikuwa unajifunza?

Nikachukua beleshi langu nikaenda. Mwanafunzi mzuri hajisifu.

Usiku sijapiga simu nyumbani. Nitaanzaje? Samaki ilikuwa leo. Kichwa alipewa Onesmo. Akakikata katikati, nusu akaisukumia kwangu. Nimekula upande wa jicho bila kumshukuru.

Alhamisi, 7 Novemba

Mambo! Asubuhi Onesmo kanifuata kwenye kokoto. Nikashika beleshi vizuri, nikijua amekuja kunisimanga. Akaniambia, kaka, Jumamosi hii ni yako, Danford nimeshamwambia. Nikamuuliza imekuwaje. Akashangaa. Akasema si nilikuwa nawakumbusha kila siku kwenye ugali habari za kipaimara cha binti? Alishapanga tangu Jumatatu ile kiti kilipobaki wazi, akishinda, mtu wa kwanza kwenda nyumbani awe mimi. Hata vijana walikubaliana hivyo. Akasema, ungeniomba tu, kaka, tungemaliza mambo bila kuchafua kofia.

Kisha akaondoka anaimba, na mfuko begani.

Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa. Watu wengine wangesema Onesmo ni mtu mwema. Mimi nimeona mbali zaidi. Hii ni rushwa ya uchaguzi ujao! Ananinunua mapema, wakati bei iko chini. Mjanja sana yule. Lazima nimwangalie.

Jioni nimempigia Happyness. Kapiga kelele mpaka simu imekwaruza. Benedikta akachukua simu akasema ameshanunua kitenge, na kwamba Jumapili baada ya misa wazazi wa watoto wa kipaimara watachagua mwenyekiti wa kamati yao. Shemeji yangu Nathanieli anautaka uenyekiti huo. Nathanieli! Mtu anayejiita mchumi kwa sababu ana mbuzi wanne! Nikamuuliza watapiga kura kwa njia gani. Akasema kwa punje, kama kawaida. Akaniuliza kwa nini nimenyamaza. Nikasema mtandao.

Kosa langu nimelijua. Nimelitafakari kwa kina, kama mtu mzima. Lile haragwe la mfukoni bado ninalo, na Mama Jeska amekubali kuniuzia nusu kilo ya maharage, hajauliza ya nini. Safari hii makavu.

Nitafika Jumamosi, jua likiwa bado juu. Benedikta anitolee kitambulisho sandukuni.