Mkono Uliobaki Hewani

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Daftari jipya. La zamani mwanangu kalitafuna kuanzia Januari mpaka Machi, na mambo mazuri yote yalikuwa Februari. Namwita Kifurushi. Ana miezi minane. Chochote kinachoshikika, kinaliwa.

Habari kubwa! Madam katangaza mtihani. Nyumba yetu ya masaji ina vyumba viwili na wanafunzi wawili, mimi na Cheti, ila nafasi ya kudumu ni moja. Jumamosi tunapimwa kuchezesha viungo. Yaani mteja analala kama gunia, hafanyi lolote, mimi ndiye nainua mkono wake, nazungusha bega, nakunja kiwiko, nakunjua. Kusema rahisi! Madam anasema mkono uliojiachia utaujua kwa uzito wake. Ukiwa mwepesi, ujue mwenyewe bado kaushikilia.

Yeye mwenyewe bega lake la kushoto limekaza tangu masika ya mwaka jana. Anafunga kilemba kwa mkono mmoja na meno. Wiki jana alimruhusu Cheti amjaribu. Geti la chuma! Halikusogea.

Cheti tulimpa jina hilo kwa sababu kaja na cheti chake ndani ya fremu ya kioo. Kakitundika juu ya beseni la kunawia. Nikinawa, kinanitazama.

Nikishindwa? Mama mkwe kashapiga simu. Kasema kwa upole, na upole wake ndio unaotisha, kwamba mambo yakinikataa tufungashe sote watatu twende kwake. Ana kuku mia mbili wanaohitaji mtu mwenye subira. Subira ninayo. Hamu ya kuku sina. Shule niliachia kidato cha pili, na hii ndiyo kazi ya kwanza ambayo mikono yangu imeielewa kabla ya kichwa.

Nitashinda. Kinachotakiwa ni mbinu tu.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Mteja wa leo, mama mmoja fundi cherehani. Bega la kulia. Nikamwomba asinisaidie kabisa. Akasema sawa mwanangu. Nikagusa mkono, mkono ukapanda wenyewe! Nikamwomba aushushe. Akaushusha. Nikagusa, ukapanda. Ikawa mimi naukimbilia tu, kama abiria aliyeachwa na gari.

Akaniomba radhi mara nne. Kasema alitaka kunipunguzia mzigo, maana tangu utoto wake hajaona mtu akimbebea chochote. Nikataka kulia. Nikamkanda miguu badala yake.

Cheti alikuwa nyuma ya pazia. Akasema, kwa sauti ya kunisikilizisha, eti siku hizi wateja wanajikanda wenyewe, mkandaji anaangalia.

Nimepata mbinu. Maongezi! Mteja akinogewa na hadithi atausahau mkono.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Maongezi hayafai.

Alikuja mwalimu mstaafu. Nikamlaza, nikashika kifundo cha mkono, nikamuuliza habari za mkwe wake wa kiume. Lahaula! Kumbe wana ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Mwalimu akaanza kuchora kiwanja hewani kwa mkono uleule niliokuwa nimeushika. Mwembe wa jirani ukawa hapa, choo cha mkwe kikawa puani kwangu. Paa! Nikarudi nyuma, chupa ya mafuta chini, mimi juu ya mafuta.

Madam akafungua pazia. Akanikuta sakafuni, mteja kakaa kitako anaeleza mpaka. Akauliza kama hapa tunatibu bega au tunasikiliza kesi ya ardhi.

Pua imevimba. Cheti kaniletea barafu, kisha kauharibu wema wake kwa kuniuliza nani kashinda kesi.

Nyumbani nikamlaza Kifurushi. Akiwa usingizini nikauinua mkono wake mdogo. Mzito! Umejaa, una joto, nikiuachia unadondoka pwata. Nikakaa nikiutazama muda mrefu, mpaka mboga zikaungua. Ndipo akili ikafunguka: wateja nao wabembelezwe walale.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Yule mama fundi karudi. Nikamwimbia wimbo wa Kifurushi, ule wa lala mtoto lala, ninaounga maneno mwenyewe.

Ikafaa! Nusu dakika ya raha tupu. Mkono ukawa mzito kama blanketi lililoloa. Nikauzungusha kama ninachota uji. Kisha mama wa watu akaanza kukoroma.

Akalala saa moja na nusu. Nilimtikisa, akaniita mama. Mteja wangu wa pili alikuwa kwenye benchi nje ya pazia, kausikia wimbo wote, kalala naye, mdomo wazi. Madam akatoka kuona kuna nini, akapiga miayo katikati ya kunigombeza, akakasirika mara mbili.

Sasa kuna karatasi ukutani: HAPA HAKUIMBWI. Cheti ndiye aliyeiandika. Kapigia mstari mara tatu. Kaniuliza kama najua na nyimbo za kuamshia.

Ila jioni Madam katupa neno tamu kuliko asali. Jumamosi kila mmoja aje na mtu wake wa kumchezesha. Mtu wake! Mtu wa kuchagua mwenyewe! Ninaye. Niliolewa naye.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Baba Kifurushi ni mwashi. Mabega yake mtu anaweza kuyajengea. Lakini ananipenda, na kazi hataki kunikosesha, na kuku wa mama yake anawajua.

Tukatandika godoro sebuleni. Nikamwambia awe gunia. Akafumba macho, akatoa ulimi nje. Nikamwambia gunia, siyo maiti. Kifurushi akampanda kifuani, naye akadhani ni sehemu ya somo, akavumilia.

Mara ya kwanza mkono ulikuwa mgumu. Ya tatu, umelainika. Ya kumi, loo! Juu, duara, kunja, kunjua, laza. Ulikwenda kama maji. Karibu sikuhisi hata uzito! Mume wangu kasema siri ameshaipata: ukijua mkono unakoelekea, husumbui mtu.

Nikambusu paji la uso. Kesho Cheti atakula fremu yake.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Niandike yote, hata yanayoniaibisha.

Jirani anayenishikia Kifurushi nikiwa kazini alikuwa kasafiri. Nikaenda naye mgongoni, nikamlaza kwenye kapu la taulo.

Cheti akaanza. Kaja na dada yake. Kafanya vizuri, siwezi kusema uongo ndani ya daftari langu. Mkono ulipoachiwa ulidondoka.

Zamu yangu. Mume wangu kajilaza, macho kafumba, ulimi ndani. Nikainua. Juu! Laini. Madam akasogea. Akaniambia niuachie palepale.

Nikauachia.

Mkono ukabaki hewani. Umesimama wima, kama mwanafunzi mwenye jibu. Nikaomba moyoni, dondoka, dondoka baba. Haukudondoka. Na kwa kuwa mwenyewe somo kalishika, mkono ukaendelea bila mimi. Ukapiga duara. Ukajikunja. Ukajikunjua. Ukajilaza taratibu kando ya paja, huku mimi nimejishika kichwa kwa mikono yote miwili, mafuta yananitiririka masikioni.

Kisha mume wangu, macho bado kafumba, akaninong'oneza, akiuliza kama kafaulu.

Cheti alicheka mpaka akakaa chini. Dada yake akakaa pembeni yake. Madam hakucheka. Akafunga daftari lake, na mimi nikawaona kuku wote mia mbili, mmoja mmoja.

Hapo Kifurushi akaamka na kilio. Mikono yangu mafuta matupu. Madam akainama, akamzoa kwa mkono wake mzima, akampakata kifuani. Kifurushi akanyamaza, akaona hereni, akaikamata. Madam akaanza kumweleza kwamba hereni siyo biskuti, bwana mkubwa, hereni hailiwi. Sauti hiyo sijawahi kuisikia pale kazini.

Mkono wake mbovu ulikuwa unaning'inia tu. Nilikuwa nimesimama ubavuni kwake nataka kuomba msamaha. Na bila kupanga, naapa, bila kupanga chochote, nikaweka kiganja chini ya kiwiko chake na kingine begani, kama unavyompokea mtoto aliyelala mapajani kwa mwenzio. Sikuvuta. Nikangoja.

Uzito ukaja. Kidogo. Kisha wote.

Nikauinua polepole. Pale ulipokataa nikasimama, nikarudi nyuma, nikangoja tena. Ukapanda. Ukafika mahali ambapo sijawahi kuuona ukifika. Madam kaiacha hereni yake mdomoni mwa mtoto. Halafu akasema bila kunitazama, nisiuachie bado.

Nikamshikia. Hata Cheti aliacha kucheka. Yeye ndiye aliyesema wa kwanza, kwa sauti ndogo, kwamba huyu kaweza.

Macho ya Madam yalikuwa na maji. Kasema ni kwa sababu ya hereni. Kisha kaniambia Jumatatu nije saa mbili kamili. Kazi yangu! Ya kudumu! Kanieleza kwamba bega limekubali kwa sababu nililingoja, sikulilazimisha wala kulifanyia ujanja, na nisilisahau hilo maisha yangu yote. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Cheti kaandikiwa barua aende kwa mdogo wake Madam, mwenye nyumba ya masaji mtaa wa pili, vyumba vitatu. Kang'oa fremu yake, kanibusu shavuni, kaniachia msumari.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Mama mkwe kapiga simu kutupongeza. Anatuletea kuku. Hai. Sita.

Mchana nimekaa na kufikiri kwa kina siri ya ushindi wangu ni nini. Nimeipata, iko wazi kama jua. Ni mtoto! Mteja akipakata mtoto kwa mkono mmoja, anausahau wa pili. Tangu leo kila mteja atapewa mtoto.

Kifurushi peke yake hatoshi, na anaota meno. Jirani karudi, ana mapacha, nimeshaongea naye. Hajakataa, kacheka tu. Mapacha watakuwa wa mabega, Kifurushi wa viwiko. Kwa nyonga natafuta mkubwa kidogo, anayekaa mwenyewe. Zamu nimezichora nyuma ya daftari, kwa rangi mbili. Madam atafurahi, namwandalia kama zawadi.

Mume wangu kauliza mteja aliyelala kifudifudi atampakata mtoto vipi. Swali zuri. Nimetandika godoro tujaribu.

Kalala. Kifurushi yuko mgongoni kwake. Sijamgusa bado, nipo huku naandika.

Mkono tayari uko juu.