Hedi, Baba Mkwe na Moshi wa Msimbazi

Leo nimeumbuka mbele ya baba mkwe. Mtarajiwa. (Kwa sasa hata hilo "mtarajiwa" nalitamka kwa wasiwasi.)

Mimi kutulia siwezi, mnanijua. Gari langu lilikuwa zima kabisa. Lakini nikaona video, jamaa anapanua matundu ya hewa kwenye hedi, kile kichwa cha injini, halafu gari linachomoka kama limetukanwa. Nikasema fundi wa nini? Nikafungua hedi mwenyewe, nikaazima grainda, nikasaga barazani. Nikiona pameng'aa, mkono unaniwasha, nasaga tena. (Neno "inatosha" mimi silijui.) Asubuhi hii nikaifunga. Ikawaka! Nikapiga mluzi.

Mara Neema, mchumba wangu, akapiga simu. "Baba anataka umpeleke Feri akanunue samaki. Anataka akuone kabla hajajibu posa. Tulia, nakuomba."

Nikamfuata mzee dukani kwake Kariakoo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nasikia huna utulivu."

"Nimebadilika, baba," nikasema, huku nachezea funguo.

Tunafika Msimbazi, injini imeshapata moto. Nikakanyaga mafuta ili mzee asikie inavyovuta. Ukatoka moshi mweupe, mtaa wote ukapotea. Mama ntilie mmoja akapaza sauti, "Funikeni wali, wanapuliza dawa ya mbu!" Wateja wakakimbia na sahani zao. Gari likakohoa, likazima katikati ya barabara. Honi nyuma, matusi pembeni. Mzee leso puani.

Akaja fundi wa pale jirani, akafungua boneti, akanusa.

"Hii hedi imeguswa?"

"Nimeisaga kidogo tu."

"Kidogo? Umetoboa mpaka njia ya maji, bwana."

Akamgeukia mzee kwa adabu zote. "Mzee wangu, tatizo ni kichwa. Kimeingia maji."

Mzee akanitazama kuanzia utosini mpaka kwenye ndala. "Hilo nimeliona tangu dukani," akasema. Akaita bodaboda, akaenda zake Feri.

Sasa hivi nazunguka tu barazani, kukaa siwezi. Neema katuma ujumbe: "Baba kasema posa isubiri mpaka kichwa kipone."

Msicheke, jamani. Nimemuuliza kichwa kipi. Ameshasoma, hajajibu.