Mvuke wa Kihamba cha Mama Eunike

Umeme ulikatika katikati ya kipindi, na Wenseslaus akaona riziki yake.

Alikuwa ameketi kwenye mgahawa mmoja wa Moshi mjini, akinywa chai ambayo bado hakuwa ameamua nani atailipia. Televisheni ukutani ilikuwa ikionyesha Aislandi, nchi ya kisiwa huko kaskazini mwa dunia, yenye barafu juu na volkano chini. Watu wa kule huitoboa ardhi, mvuke ukatoka, mvuke ukazungusha mitambo, mitambo ikazalisha umeme. Mtangazaji ndiyo kwanza alikuwa anasema, "Hata hivyo, sehemu kubwa ya umeme wa kisiwa hicho hutokana na..." na skrini ikawa nyeusi.

"Wenzetu wanachota umeme chini ya ardhi," akanung'unika mzee mmoja mnene meza ya pili, "sisi tunakaa kuusubiri urudi kama mtoto aliyetumwa dukani."

Huyo alikuwa Gidioni. Mjini alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, Marangu alikuwa na nyumba ya kulala watalii, na kila umeme ulipokatika jenereta lake lilikunywa dizeli kama harusi inavyokunywa bia. Nje ya mgahawa ilisimama pikapu yake nyeupe, bado na nailoni kwenye viti. Wenseslaus alikuwa ameitazama ile pikapu kwa heshima tangu alipofika.

"Shikamoo mzee," akasema, akihama na kikombe chake.

"Marahaba."

"Samahani kwa kukuingilia. Roho imeniuma, kwa sababu kule nimeishi."

"Kule wapi?"

"Aislandi."

Tukubaliane mapema kwamba kaskazini ya mbali kabisa aliyowahi kufika Wenseslaus ni Namanga, mpakani na Kenya, na alirudishwa. Lakini alikuwa Mkibosho mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na sauti ya mtu anayetoa taarifa bila kuomba kuaminiwa. Sauti ya namna hiyo huaminiwa.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Uhandisi wa mvuke. Mzee, ule mlima pale nje ni nini?"

"Si Kilimanjaro?"

"Ndivyo watalii wanavyouita. Sisi wahandisi tunauita jiko."

Gidioni akaweka sambusa chini.

"Ni volkano iliyolala," Wenseslaus akaendelea, sasa kwa kunong'ona. "Kuna kampuni ya kule imenituma nitafute mahali ambapo joto liko karibu na uso wa ardhi. Nimetumwa kimyakimya."

"Kwa nini kimyakimya?"

"Kwa sababu mwenye shamba akijua amelalia nini, hatauza."

Neno hilo lilimwingia Gidioni kama siagi kwenye mkate wa moto. Alivuta kiti karibu, akauliza maswali ya chini kwa chini, akalipa chai zote mbili.

Wenseslaus hakutaka shamba la mtu. Alichotaka ni kukabidhiwa ile pikapu, aende nayo Arusha "kuchukua mitambo ya kupimia", na huko Arusha apite moja kwa moja kama basi lisilo na abiria wa kushuka. Moshi ilikuwa imeanza kumjua sana. Alikuwa akichagua barabara za kupita kulingana na maduka ya watu aliokwisha kuwahudumia, na kwa kweli alichoka kuzunguka.

Asubuhi iliyofuata alipanda Marangu kutafuta mahali pa kuweka muujiza. Kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba, kilichopakana na nyumba ya wageni ya Gidioni kilikuwa cha Mama Eunike, mjane, mzee wa kanisa katika usharika wake wa Kilutheri. Alimkuta nyuma ya zizi akimkatia ng'ombe migomba. Migomba yenyewe ilikuwa imekonda, majani yamejikunja.

"Shikamoo mama. Migomba yako inaumwa nini?"

"Inaumwa Gidioni," akajibu mama. "Mfongo, mfereji wetu uliokuwa unashusha maji hapa tangu wakati wa babu za mume wangu, ameukata kule juu. Amepeleka maji kwenye bustani ya watalii. Wanakuja kutoka mbali kutazama nyasi."

"Umemshitaki?"

"Kwa nani? Kila ninayemwendea nakuta ameshakula kwake."

Wenseslaus akaona mlango uko wazi, akaingia. Alimweleza mama mpango wake wote, ila suala la pikapu alilipitia juu juu. Angefukia pipa la maji hapo chini ya mparachichi, ndani yake aweke hita ya umeme, waya aupitishe ardhini hadi kwenye soketi ya zizini. Bomba moja lichomoze juu kati ya mawe. Gidioni aje, aone mvuke, achanganyikiwe, apate adabu.

Mama Eunike alisikiliza mpaka mwisho.

"LUKU ya umeme huo nani atanunua?"

"Mimi, mama."

"Sawa. Lakini mimi sisemi uongo, mwanangu. Akiniuliza, nitamwambia ni hita."

"Hatakuuliza," Wenseslaus akasema. Alikuwa na uzoefu mkubwa na watu wa aina ya Gidioni. Mbele ya mali, hawaulizi.

Basi akachimba, akafukia, akaunganisha. Ndani ya pipa alitia mayai viza ya kuku wa mama, ili mvuke utoke na harufu ya volkano.

Gidioni alipoletwa, bomba lilikuwa likipumua mvuke taratibu kati ya mawe, mweupe, unanuka. Mzee akachutama. Akapeleka mkono karibu, akautoa haraka. Akafumba macho kama mtu aliye ibadani.

"Inanuka," akasema kwa furaha.

"Salfa hiyo," Wenseslaus akasema. "Kule Aislandi hiyo harufu wanaiita harufu ya mshahara. Sasa mzee, kilichobaki ni mitambo ya kupimia. Iko Arusha, ni mizito, na mimi sina usafiri."

"Chukua pikapu yangu."

Moyo wa Wenseslaus ukaruka, lakini uso wake ukabaki mahali pake.

"Nikichelewa kurudi usihangaike."

"Kesho asubuhi njoo dukani, nitakupa funguo," Gidioni akasema, akiwa bado anatazama lile bomba. "Leo nina shughuli kidogo."

Shughuli yenyewe ilikuwa hii: Wenseslaus alipokwisha kushuka mjini, Gidioni alirudi kihambani peke yake, kofia mkononi, akamwita Mama Eunike "mama" kwa mara ya kwanza tangu akate mfongo. Alikuwa amepiga hesabu yake. Kama mvuke uko hapa, na mwenye ardhi ni huyu mjane, injinia ni wa nini?

"Mama, huu mvuke hapa kwako, unajua ni wa nini?"

"Najua. Ni hita."

"Nini?"

"Hita ya kuchemshia maji. Iko ndani ya pipa, chini hapo. Waya unapita hapa, unaingia zizini."

Tabasamu la pole likampanda Gidioni usoni. Kumbe mama mjanja. Ameshajua thamani ya kitu, anakishusha mbele ya mnunuzi ili kisiguswe. Yeye mwenyewe alifanya hivyo hivyo kila alipokuwa na saruji itakayopanda bei kesho yake.

"Mama Eunike," akasema, "tusichoshane. Unataka nini?"

"Mimi nakwambia ni hita, wewe unaniuliza nataka nini?"

"Sema tu."

Mama aliangalia migomba yake. Alikuwa ameshamwonya mara mbili, na dhamiri yake ilikuwa safi kama sahani ya Pasaka.

"Nataka maji yangu. Mfongo urudi ulipokuwa, na uandike mbele ya mwenyekiti kwamba hutaugusa tena, wewe wala watoto wako."

"Na mimi nipate mvuke wote?"

"Mvuke wowote utakaotoka katika ardhi hii ni wako. Chimba utakapo, ila pale nitakapokuonyesha. Usiguse migomba wala haya masale yaliyopandwa mpakani."

Mwenyekiti wa kitongoji, Eliezeri, aliitwa kushuhudia. Mama Eunike akarudia mbele yake, kwa sauti ya kusoma somo kanisani, kwamba hapo hakuna mvuke, kuna hita. Eliezeri akacheka. Gidioni akacheka zaidi, akatia sahihi. Jua lilikuwa bado juu vijana wa Gidioni walipolibomoa tuta lililokata mfongo kule juu, na maji yakashuka yakisukuma majani makavu, yakaingia kihambani. Mama Eunike alisimama kando ya mfereji, viatu mkononi, maji yakampita miguuni. Alilia kidogo, akaenda kumkatia ng'ombe majani.

Asubuhi Wenseslaus alifika dukani, amenyoa ndevu.

"Nimekuja kuchukua funguo, mzee."

"Funguo za nini?" Gidioni akauliza bila kuacha kupanga misumari. "Mvuke ni wangu. Nimemalizana na mwenye ardhi. Kesho nina wageni kutoka Arusha, watu wa kuwekeza. Wewe rudi Aislandi, wasalimie."

Wenseslaus alihisi kitu ambacho wateja wake wengi walikwisha kukihisi, ila yeye alikuwa hajawahi: sakafu inayosogea. Kazi yote ile, mayai yote yale. Kwa hasira akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kazini.

"Mzee, hakuna mvuke. Nilikudanganya. Mimi si injinia. Ni hita."

"Na wewe pia unasema ni hita?" Gidioni akacheka mpaka akashika kaunta. "Mmepanga na yule mama ili nijitoe, mgawane wawili. Mimi si mtoto, kijana."

Kilichomuuma Wenseslaus zaidi ya pikapu ni kwamba aliisema ile kweli vizuri, kwa sauti ile ile, na haikununulika.

Kesho yake wageni wa Arusha walipanda Marangu na viatu vya kung'aa. Gidioni aliwaongoza hadi chini ya mparachichi, akanyoosha mkono kama mchungaji anayebariki, na hapo palikuwa na mawe tu. LUKU ilikuwa imekwisha. Pipa Mama Eunike alikuwa ameshalifukua, akaliosha kwa majivu, ng'ombe akawa ananywea. Wageni walitazama mawe, wakatazama saa, wakauliza kama kuna chai.

Mtu mwingine hapo angeelewa. Gidioni alitafakari sana akafikia uamuzi mwingine: injinia ameufunga mvuke kwa wivu.

Alimkamata Wenseslaus stendi ya Moshi, mguu mmoja umeshaingia kwenye basi. Alikuwa na vijana wake wawili wa kupakua saruji, wenye mabega ya kazi hiyo.

"Umeufunga," Gidioni akasema. "Twende ukaufungue. Au tupite kwanza polisi ukawaeleze wewe ni nani hasa."

Wenseslaus aliyapima hayo mawili. Kituo cha polisi cha pale kilikuwa na watu waliomfahamu kwa jina la ubatizo. Akachagua jembe.

Mama Eunike aliwaonyesha pa kuchimba: nyuma ya zizi, mbali na migomba. Kulikuwa na ukungu na baridi, udongo mzito. Vijana wawili walikaa juu ya kifusi wakila kiburu cha ndizi na maharage alichowapa mama, wakimtazama injinia akifanya kazi. Kila baada ya muda mama alikuja na mti mrefu, akapima kina cha shimo.

"Bado kidogo," akasema. "Fundi wa biogesi alisema ifike hapa nilipoweka alama. Ng'ombe wangu ana samadi nyingi, nitapikia, na taa moja nitawasha."

Wenseslaus akaegemea jembe. "Mama, kwa hiyo nakuchimbia shimo la samadi?"

"Gidioni anasema unachimba mvuke. Mimi nani nimbishie? Kunywa uji, mwanangu, usije ukaugua."

Akanywa. Ulikuwa uji mzuri, na hilo lilimtia uchungu zaidi.

Mchana akaja mwenyekiti Eliezeri. Alizunguka shimo, akatazama huku na huku, akachutama ukingoni, akashusha sauti.

"Injinia. Hivi kwangu, kule chini ya barabara, hakuwezi kuwa na mvuke?"

Wenseslaus aliinua kichwa. Alikuwa na matope mpaka nyusi, na malengelenge viganjani ambayo hayakuwahi kuwa pale.

"Mwenyekiti, ulikuwepo mama aliposema. Hakuna mvuke kwako, hakuna hapa, hakuna popote ninapopajua mimi. Naapa."

Eliezeri akaitikia kwa kichwa polepole, akatabasamu tabasamu la mtu aliyeaminiwa siri.

"Nimekuelewa," akasema. "Kwangu utaanza Jumatatu."

Akainuka, akaenda kuongea na wale vijana wawili.