Meza Saba za Kuamini

Serikali, kwa moyo mkunjufu, iliwafungulia watu wa pwani ya Wafante, huko Afrika Magharibi, Idara ya Kuamini Watoto. Mkurugenzi wake, Bwana Kojo Amissah-Quansah, aliipanga kitaalamu: meza saba, maofisa saba. Mtoto aliyetendewa uovu angesimulia yaliyompata katika kila meza, na kila meza ingemwamini kwa sehemu yake. Baada ya siku kumi na nne za kazi, mhuri. Msicheke, kuamini ni fani.

Wa kwanza kufika alikuwa Araba, mtoto wa miaka tisa, ameshikwa mkono na bibi yake, Nana Efuwa, msemaji wa malkia wa mji. Fimbo ya usemaji ilikuwa kwapani.

"Mpangaji wetu yuko mahabusu," bibi alisema. "Araba aliniambia, nikamwamini, nikamwambia si kosa lake. Polisi wameandika. Nataka barua tu ya kumwona mshauri."

Mkurugenzi akashtuka. "Ulimwamini hapohapo? Bila fomu?"

"Kwani alikuwa ananiuzia samaki, tuvutane bei?"

"Mama, kuna utaratibu. Aanze meza ya kwanza, asimulie."

Araba akajibanza nyuma ya bibi. Maskini, alidhani yamekwisha. Nana Efuwa akamkalisha kwenye kiti cha mkurugenzi, akasimama kando yake, fimbo mbele.

Mkurugenzi ni Mfante, hakuhitaji kuelezwa. Anayesimamiwa na fimbo ile hasemeshwi moja kwa moja. Kila neno hupita kwa msemaji. Akavua viatu, kama mtu aliye mbele ya malkia. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu.

"Tunaomba mtoto aeleze tena..."

"Hilo silifikishi." Araba akamnong'oneza bibi. "Anauliza, wewe unamwamini?"

Mkurugenzi akautafuta mhuri kwa macho, akaukosa. "Namwamini."

"Haya, kaseme hivyo na kwenye meza ya pili. Utaratibu ni wako, mzee."

Akasema. Akasema na ya tatu. Watu wa foleni wakajazana madirishani, wanamhesabia kwa sauti. Kufika ya nne, jasho linamtoka.

"Nimeshasema, jamani! Mtu mzima nirudierudie mbele za watu? Huku ni kudhalilishana!"

Maofisa wote wakaangalia chini. Araba akamvuta bibi nguo, akamnong'oneza.

"Anasema," Nana Efuwa akatangaza, "yeye alikuamini meza ya kwanza. Vaa viatu, uandike barua."