Seva Isiyojua Kusalimia

Idara Kuu ya Zilizoingia na Zilizotoka ina heshima kuutangazia umma wa Kairo, pamoja na mikoa yote inayotuandikia, kwamba katika wiki yangu ya mwisho kabla ya kutimiza miaka sitini hakuna barua pepe hata moja iliyoingia kwetu kinyume cha utaratibu. Hakuna iliyoingia kwa utaratibu pia, lakini hiyo ni takwimu nyingine na ina jedwali lake.

Mimi ndimi mkurugenzi mkuu wa idara hiyo, Basyuni Manawishi. Pengine niseme nilikuwa, maana suala la kama nilikuwa au bado niko linachunguzwa. Muhuri wa serikali, wenye yule ndege tai, niliufungia mwenyewe kwenye droo ya chini na ufunguo nikalala nao shingoni. Karatasi isiyogongwa tai ni ya kufungia bajia za taamia tu. Nimeifanya kazi hii miaka thelathini na minne, na sijawahi kumpa mtu jibu siku aliyoliomba, kwa sababu jibu la haraka humfanya mwananchi adhani swali lake lilikuwa dogo.

Kuna jambo moja ambalo haliko kwenye ripoti. Nilikuwa naogopa kustaafu. Ukitimiza sitini unakwenda nyumbani, isipokuwa Waziri akuongezee mwaka. Mwaka huo nilikuwa nimeuomba tangu Ramadhani, jibu halijaja, na Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yangu. Nyumbani kwangu ni pazuri, na mke wangu Tahani ni mwanamke mwema, lakini hakuna mlango wenye jina langu wala mtu anayesimama nikiingia.

Tatizo lilianza Jumamosi, siku ya mapumziko, kiyoyozi cha chumba cha chini kilipoimwagia maji seva ya ndani, yaani mashine inayopokea barua pepe zetu zote. Bahati nzuri tulikuwa na seva ya akiba huko mjini Tanta, ambayo kazi yake ni kupokea barua wakati ile ya ndani inapougua, na kuzishika hadi ipone. Jumapili asubuhi injinia wetu, Raghda Shukri, alikuwa ameshaikausha ya ndani, kaihamishia ghorofa ya pili na kuipa anwani mpya. Akaja ofisini kwangu na karatasi moja.

"Basyuni Bey, sahihi moja tu. Barua zimekwama Tanta. Seva ya akiba inabisha hodi kwenye anwani ya zamani na haifunguliwi. Naipa anwani mpya, naiambia ya ndani iipokee, kazi kwisha. Dakika kumi."

"Ya akiba inaiandikia ya ndani moja kwa moja?"

"Ndiyo kazi yake, Bey."

"Iko daraja la ngapi?"

"Nani?"

"Hiyo ya akiba."

Hawa vijana wamesomea mashine, hawakusomea Kanuni za Utumishi. Wa akiba ni wa akiba. Mchezaji wa akiba haingii uwanjani kwa sababu tu kauona mpira. Anasubiri aitwe, anavua koti, kibao kinainuliwa, ndipo anavuka mstari. Nikamweleza hayo kwa upole, kisha nikauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye malezi angeuliza.

"Ikifika mlangoni inasema nini?"

"Inasema halo."

"Halo nani?"

"Halo tu, halafu inataja jina lake. Seva zote duniani huanza hivyo, Bey. Na hiyo halo yenyewe, ya Kiingereza, wameikata herufi moja."

Nikaweka kalamu chini. Katika nchi yetu, tangu enzi za babu yangu, hakuna barua inayogusa meza ya serikali kabla ya kusema: Mheshimiwa Bwana fulani, salamu njema, na baada ya hayo. Niliwahi kumrudishia mjane mmoja ombi lake la pensheni kwa sababu alisahau "na baada ya hayo". Alirudi nalo baada ya miezi mitatu, limenyooka kabisa, na yeye mwenyewe amekonda vizuri.

"Na ya ndani inajibu nini?" nikauliza.

"Inasema: halo na wewe, nimefurahi kukufahamu."

"Hiyo angalau imelelewa," nikasema, nikamrudishia karatasi yake.

Jumatatu nikaunda Kamati Kuu ya Kuadibisha Salamu za Mitambo. Mwenyekiti mimi. Raghda alikuwa mjumbe kwa niaba ya mtuhumiwa. Kanuni zinataka wajumbe watatu, kwa hiyo nikamteua Ami Sharnubi, mpika chai wetu, mtu mwenye uzoefu mrefu wa kuingia ofisi zote bila kubisha.

"Mwanangu injinia," Ami Sharnubi akaanza, akiwa bado na sinia mkononi, "hiyo mashine haiwezi kufundishwa maneno mawili matatu? Kasuku wa shemeji yangu anasoma taarifa ya habari."

"Ami, nikiifundisha maneno mengine, ya ndani haitaielewa. Itaifungia mlango."

"Basi na ya ndani ifundishwe."

"Na za dunia nzima zinazotuandikia, nazo nani atazifundisha?"

"Tutaiandikia dunia," nikasema, na hilo likapita kuwa azimio la kwanza. Azimio la pili lilihusu sukari.

Jumanne nilishinda dirishani. Nasema wazi kwamba nilikuwa nasikiliza pikipiki. Barua ya Waziri huja kwa pikipiki: mjumbe anavua kofia ngumu, ananisalimia, nasaini daftari lake, Ami Sharnubi anamletea chai. Kila pikipiki iliyopita chini nilisimama nikafunga kifungo cha koti. Zote zilikuwa za wauza wali wa koshari.

Jumatano Raghda aliingia bila miadi.

"Bey, nimeangalia foleni ya Tanta. Zimo barua elfu tatu na ushei. Ndani siwezi kuzisoma, naona bahasha tu. Moja imetumwa Jumamosi mchana kutoka Ofisi ya Waziri; wao hawana mapumziko. Ina jina lako."

Nilisimama nikafunga kifungo cha koti.

"Ofisi ya Waziri haiwezi kuniandikia kupitia akiba," nikasema.

"Haikuchagua, Bey. Ya ndani ilikuwa imelowa."

"Raghda, binti yangu, unataka kuniambia kwamba mwaka wangu mmoja umekaa Tanta unasema halo?"

"Ndicho ninachokuambia tangu Jumapili. Na kesho saa nane mchana barua hiyo inatimiza siku tano. Ikitimiza, seva inakata tamaa. Inamrudishia aliyeituma na kumwambia mpokeaji hakupatikana. Saini, nakuomba. Hata kwa penseli."

Alikuwa na machozi ya hasira, mtoto wa watu, na mimi nilikuwa na kalamu mkononi. Nilitaka kusaini. Mkono ulishafika kwenye karatasi. Halafu nikamkumbuka yule mjane, na wengine wengi kama yeye, nikaona kwamba nikiikubali halo kwa sababu safari hii imenibebea mimi kitu, basi wale wote niliwarudisha bure. Wazo hilo sikuweza kulivumilia. Nikafunga kalamu. Kwenye ripoti nimeliandika kuwa ni tendo la uadilifu. Tahani analiita kwa neno jingine.

Alhamisi wenzangu waliniletea keki. Saa nane ilipopita Raghda alikuja mlangoni, akasema, "Imerudi," akaenda zake. Nikawaambia waliobaki kwamba mjumbe wa Waziri pengine kakwama kwenye msongamano wa daraja, tuonane Jumapili.

Jumapili mjumbe alikuja kweli, kwa pikipiki, akavua kofia, nikasaini. Barua ilianza kwa salamu njema, na baada ya hayo. Ilisema kwamba Ofisi ya Waziri ilikuwa imeniongezea mwaka na kuniomba nithibitishe kukubali. Badala ya jibu langu, Ofisi ilipokea kutoka idara yangu barua ya mtaalamu wa kigeni, Bwana Mela Dimon, ambaye alieleza kwa masikitiko kwamba amemtafuta Basyuni Manawishi kwa siku tano mfululizo mahali pake pa kazi, hakumpata, na amekata tamaa. Ofisi ilimshukuru Bwana Dimon kwa bidii yake, ikanihesabu mtoro, ikafuta ule mwaka.

Nilichukua teksi hadi wizarani. Kwenye ofisi ya kumbukumbu nilimkuta Madam Itidal, mama wa makamo mwenye miwani na sufuria ya mahshi, mboga zilizojazwa wali, chini ya meza.

"Madam, mimi ndiye Basyuni Manawishi, na niko hapa."

"Naona, Bey. Kaa."

"Basi andika kwamba nimepatikana."

"Niandike kwa kutegemea nini?"

"Kwa kunitazama."

Akavua miwani, akanitazama kweli, kuanzia viatu. "Mimi nakuona, na nimefurahi, umenenepa kidogo. Lakini kukuona si kumbukumbu. Hapa nina barua. Ina namba, ina tarehe, na sisi tumeigonga tai. Inasema hupatikani. Wewe una nini?"

"Huyo Dimon si mtu, Madam. Ni mashine ya Tanta. Ni jina ambalo seva hutia ikirudisha barua."

"Wataalamu wa kigeni wote wako hivyo, hawanywi hata chai."

"Mashine haiwezi kuniandikia utoro."

"Na iwe mashine, Bey. Soma uone mwandiko wa mtu mwenye adabu. Kaanza na kusikitika, katikati kaeleza, mwisho kaomba radhi kwa usumbufu." Akaisukuma karatasi kwangu. "Wewe umeingia hapa hata salamu hukutoa."

Ilikuwa kweli. Madam Itidal hakuwa na ubaya. Alinifungulia faili, akanionyesha waraka unaosema kwamba mtu akitofautiana na barua, barua ndiyo shahidi. Niliona jinsi ulivyoandikwa vizuri kabla ya kufika kwenye sahihi. Sahihi ilikuwa yangu, ya mwaka niliopandishwa cheo.

"Sasa nifanye nini?" nikauliza, na nilisikia sauti yangu imekuwa ile ya watu wanaokuja kuomba dirishani.

"Itaundwa kamati ya kuchunguza kama upo. Usiwe na haraka, Bey, haraka ndiyo inayoharibu mambo. Utaletewa uamuzi wao."

"Kwa njia gani?"

"Kwa barua pepe, kwenye anwani yako ya kazini. Idara yenu leo inapokea vizuri sana. Yule injinia ndiye kaimu mkurugenzi tangu asubuhi. Alisaini jambo lake mwenyewe, wanasema lilichukua dakika kumi. Anwani yako ameifunga, lakini hiyo ni kawaida kwa mtu asiyepatikana."

Nikamshukuru. Nilimpa salamu njema kamili, na baada ya hayo nikatoka.

Tahani, ambaye nilimsomea ile barua kwa simu nikiwa kwenye teksi, alinifungulia mlango akiwa na unga mikononi. Alinitazama usoni, hakuuliza habari za Waziri.

"Baba Wail, umepatikana?"

"Suala liko mbele ya kamati."

"Basi wanapoendelea kukutafuta, nenda kachukue mkate. Na vua hiyo tai ya shingoni, itakukaba."

Mbele ya tanuri walikuwa wamesimama watu arobaini hivi. Nilikwenda moja kwa moja hadi mbele, kama nilivyozoea kila mahali, na muuza mkate akanionyesha kwa kidole mwisho ulipo. Nikaenda nikasimama huko, nikiona aibu, mikono sijui niiweke wapi. Baada ya muda akaja mwanamke mwenye kapu.

"Asalaam aleikum," akasema. "Wa mwisho ni nani hapa?"

"Ni mimi," nikamwambia.

Akaniamini papo hapo, akasimama nyuma yangu.