Redio Mpya, Posa Yangu na Beberu wa Mzee Sudi

Jamani, leo nimevuliwa nguo hadharani nikiwa nimevaa suti.

Tulieni niwape yote kuanzia mwanzo, maana Bangwe nzima wanalijua na kesho mtaletewa lenye chumvi. Hili langu halina chumvi. Halihitaji.

Kigari changu mnakijua. Kile cheupe, kifupi, ninachopelekea barafu kwa wauza samaki Kibirizi. Nilikinunua kwa jamaa mmoja aliyekuwa akifanyia matangazo ya mitaani: leo mnada, kesho mpira, keshokutwa chanjo ya kuku. Kizima kabisa, ila muziki ulikuwa aibu. Spika moja inakoroma, nyingine ilishanyamaza zamani. Na mimi bila muziki barafu naiona kama mawe. Nikajisemea, wiki hii naboresha muziki wa gari, lakini kwa akili. Hakuna kujionyesha, hakuna kukopa.

Nikaenda kwa fundi Kashindi pale Mwanga. Kashindi kazi anaijua, tatizo lake anaongea kuliko redio anazotengeneza. Nikamwambia nataka sabufa kubwa, lile la kujaza buti yote.

Akanicheka. "Kaka, gari lako bati jembamba. Ukiweka dude hilo utasikia bati linatetemeka, besi utaisikia kwa jirani. Chukua redio ya mtumba yenye bluetooth, spika mbili nzuri za mbele, halafu milango tuizibe matundu. Amplifaya ile ya matangazo si bado ipo chini ya kiti? Nzima! Tunaitumia hiyo hiyo."

Nikafurahi mpaka nikamnunulia soda. Mtu mwenye bajeti ya barafu akiambiwa kitu anacho tayari, anajiona tajiri.

Leo asubuhi nikamfuata. Hajamaliza. Nikamwambia Kashindi, leo sikuachii gari hata kwa dawa, leo ndiyo posa yangu!

"Basi chukua," akasema. "Nimebakiza kukata waya za ile spika ya nje, iko huko mbele nyuma ya grili. Unaona hiki kitufe chekundu chini ya usukani? Usikiguse. Ukikigusa, kila kinacholia ndani kinatoka nje, na ile maiki ya matangazo hapo juu ya kioo inawaka."

"Sawa, sawa," nikasema. (Sikusikia kitu. Nilikuwa naongeza sauti. Wee! Ngoma zinasikika moja moja kama umezihesabu!)

Sasa ngoja niwaeleze ubaya wa siku yenyewe. Mchumba wangu ni Salma. Baba yake, Mzee Sudi, alifanya kazi chumba cha injini kwenye meli ziwani mpaka masikio yakachoka, siku hizi jambo humwambii mara moja likaingia. Na ni mkali! Hataki kijana azoee nyumba yake kabla wazee hawajaja. Kuna mmoja alionekana tu amekaa barazani na Salma, akafukuzwa, na posa yake ikarudishwa kwa mlango ule ule ilioingilia.

Kwa hiyo kiserikali mimi pale sijawahi kufika. Kiserikali. (Kiukweli barafu ya juisi ya mama Salma napeleka mimi, kwa mlango wa uani, saa ambazo mzee yuko msikitini. Na barafu huwa inachelewa kuyeyuka, lazima mtu aisubiri.)

Mshenga wangu ni Ba'mdogo Saidi, mzungumzaji hasa, ukimwachia nafasi anaweza kumposea hata adui yake. Tukapanda gari, yeye mbele na kanzu yake, Shangazi Mariamu nyuma na sinia la haluwa na tende. Njiani Ba'mdogo akanionya.

"Leo wewe ni dereva tu. Mwenye posa hafiki na posa yake. Dereva hana mdomo. Unabaki garini, vioo juu, hata ukiumwa na nyuki."

"Nimeelewa, Ba'mdogo."

Tukafika Bangwe. Nikaegesha ubavuni mwa nyumba, chini ya dirisha la sebule, maana ndiko kulikokuwa na kivuli. Wakashuka, wakapokelewa, wakaingia. Mimi na suti yangu, vioo juu, nikaanza kuchemka taratibu. Nikaweka muziki wa chini chini. Leso ikadondoka miguuni. Mimi mnavyonijua ni mrefu, nikikaa kwenye kile kigari magoti yanasalimiana na usukani. Nikainama kuiokota, goti likagonga kitu.

Tka!

Sauti ikafunguka. Nasema ikafunguka! Inatoka kila upande, mpaka bodi inatetemeka. Nikasema, Kashindi, Mungu aubariki mkono wako, kumbe huwa inahitaji kupata moto kwanza!

Akina mama wa jirani wakatoka nje. Mmoja akaanza kucheza na beseni lake kichwani. Nikawapungia. Bibi mmoja aliyechungulia juu ya ukuta akawa ananipungia kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama anafukuza kunguru. Nikampungia na yeye. Nikajua leo watu wana upendo.

Simu ikaingia. Salma! Yeye alikuwa Ujiji kwa shangazi yake, si unajua siku ya posa binti huondolewa nyumbani. Nikapokea kwa redio, bila kushika simu, kama mtu mkubwa.

"Mpenzi, mmefika?" Sauti yake ikajaa gari zima.

"Tumefika, roho yangu. Nasikia harufu ya samaki mgebuka wa mama yako. Akinikaangia siku nyingine aongeze ndimu kama ile juzi."

Hapa niwaambie kilichokuwa kikitokea ndani, kama alivyonisimulia Shangazi Mariamu huku akijifuta machozi. Ba'mdogo alikuwa amesimama katikati ya sebule, anampazia sauti Mzee Sudi: "Kijana wetu ni mtulivu! Amesikia tu sifa za ua lenu! Nyumba hii hata mlango wake haujui!"

Na dirishani sauti yangu ikaingia: "Halafu ule mlango wenu wa uani bado unalia? Mimi si niliupaka mafuta?"

Ba'mdogo akakohoa. Akakohoa tena. Akaanza kuomba dua ndefu apate kunifunika. Ataifunika spika ya matangazo kwa dua?

Salma akacheka. "Wewe ombea tu baba asiulize habari ya kile kiti chake cha uvivu."

Na mimi, mwenye kiherehere changu, vioo juu, nikajibu kwa furaha zote: "Kiti kilikuwa kibovu! Nimekaa mara moja tu kikavunjika. Ila yule beberu ananiuma moyo. Mkamsingizia yeye, mzee akampeleka Ilagala kwa ndugu zake. Mbuzi wa watu hajui hata kosa lake!"

Yule mama akashusha beseni. Bibi wa ukutani akajishika kichwa: "Yebabawe!"

Nikageuza shingo. Mlangoni kasimama Mzee Sudi. Ndugu zangu, huyu mzee huambiwa jambo mara tatu, leo kalisikia mara ya kwanza, lote, na mwangwi juu.

Akaja. Akagonga kioo. Nikashusha, na kwa adabu zangu zote nikasema:

"Shikamoo, baba."

SHIKAMOO BABA! ikapiga ukuta wa jirani, ikashuka mpaka mitumbwini. Na mtaa mzima, kwa pamoja, bila kuombwa:

"MARAHABAAA!"

Hapo ndipo nikayaelewa maneno ya Kashindi. Nikaanza kutafuta kile kitufe kwa mkono, nikawasha waipa. Nikatafuta tena, nikapiga honi. Waipa zinafuta kioo kikavu kwii kwii, na mimi jasho limefika kwenye soksi.

Mzee akaingiza kichwa ndani ya gari, karibu kabisa na ile maiki. Akaisikia pumzi yake mwenyewe inapita mtaani. Akaiangalia maiki. Akaniangalia mimi. Akasemea humo humo:

"Majirani! Huyu kijana mnamjua?"

"Tunamjuaaa!"

"Anapita wapi?"

"Uaniii!"

"Mama Salma, na wewe unamjua?"

Mama mkwe yuko kibarazani, kanga kaiuma kwa meno, mabega yanaruka.

"Kiti changu kavunja nani?" akaniuliza mimi.

"Mimi, baba." MIMI BABA. Nadhani hata Kongo ng'ambo wameipata.

Akaikagua suti yangu juu mpaka chini. Nikamwona Salma anaondoka maishani mwangu. Mahaba yote, barafu yote ile, kwisha, kisa goti! Nilitaka kulia, nikaogopa machozi yatasikika.

Kisha mzee akaanza kucheka. Mwanzo taratibu, halafu akashika paa la gari asianguke.

"Nyumba hii wananinong'onea," akasema, na mtaa wote ukamsikiliza. "Nikiuliza kitu naambiwa 'hamna kitu, baba'. Nikadhani masikio ndiyo basi tena. Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia habari za nyumbani kwangu sawasawa na watu wengine. Huyu angalau anasikika!"

Ba'mdogo Saidi hakupoteza nafasi, pindo la kanzu mkononi akaja mbio: "Mzee, basi tuseme umeridhia?"

"Mimi nimeridhia. Lakini lazima binti mwenyewe aulizwe."

Na simu, jamani, nilikuwa sijaikata.

"NIMEKUBALI, BABA!" sauti ya Salma ikalia kwenye spika ile ya nyuma ya grili, na huko nyuma yake shangazi wa Ujiji akapiga kigelegele, na Bangwe nzima ikakipokea. Nilipiga kichwa kwenye paa kwa furaha. Niliruka nikasahau urefu wangu.

Mzee akanyoosha kidole.

"Sharti moja. Kabla ya kuongea mahari, kesho uende Ilagala na gari lako hili. Umrudishe beberu wangu, akae kiti cha mbele. Na ukifika hapa mtaani, utamwomba radhi kwa spika hiyo hiyo, kila mtu asikie hana kosa."

"Sawa, baba." SAWA BABA.

Nimetoka pale nimepitia kwa Kashindi kumwambia asikate zile waya kwanza, kesho nina tangazo. Kacheka mpaka kadondosha bisibisi. Ba'mdogo hadi sasa anamwambia kila anayekutana naye kwamba kweli dereva hana mdomo, ila gari lake linao.

Kwa hiyo nawaomba, msinicheke. Mwenye haki ya kucheka ni yule mbuzi, na namfuata alfajiri.